Injini mpya ya dizeli: namna ya kuizoesha na kuitunza kwa sisi wa Mwanza na kando ya ziwa

Canter yangu ya kwanza ilikuwa ya injini ya 4D33, nilikuwa nabebea dagaa kutoka Mwaloni pale Kirumba kupeleka Shinyanga na Kahama, na injini yake niliifanyia ovahoo (kuifungua na kuitengeneza upya yote) mara mbili ndani ya miezi mitano. Mara mbili. Ya kwanza tulibadilisha kila kitu, slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi zote, hela niliyolipa niliikusanya mwaka mzima. Fundi akaniambia bosi sasa hii injini ni mpya, usiisumbue, iache ingurume sailensi (yaani gari imesimama, hukanyagi mafuta) kuanzia asubuhi mpaka jioni siku tatu ijizoeshe taratibu, alafu ukianza kutembea usikanyage kabisa. Nikafanya hivyo hivyo kama nilivyoambiwa. Nilikaa pembeni ya gari siku tatu naisikiliza.

Baada ya wiki tatu ilikuwa inakula oili lita moja kila kilomita 300, moshi wa bluu mpaka waliokuwa nyuma yangu wanawasha taa mchana. Fundi mwingine alipofungua akaniita akanionyesha silinda, zinang'aa kama kioo cha kujitazamia. Akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza, na ndicho nataka nikueleze na wewe kabla hujaumia kama mimi: injini ya dizeli ikiwa mpya haizoeshwi kwa kubembelezwa, inazoeshwa kwa kufanyishwa kazi ya wastani inayobadilika badilika.

Sababu yake ni hii. Silinda mpya au iliyochongwa upya ukuta wake sio laini kabisa, una michoro midogo midogo iliyokatizana kama wavu, inatengenezwa makusudi kwa jiwe la kusugulia. Ile michoro inashika oili, na pia ndiyo inasaga uso wa ringi mpaka ringi na ukuta vikae sawa vibanane. Sasa ringi haibanwi ukutani na ule mkunjo wake peke yake, kinachoibana kwa nguvu ni presha ya moto unaolipuka juu ya pistoni, ile gesi inapita nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Dizeli inakandamiza hewa mara 16 mpaka 22, kwa hiyo presha ipo nyingi, lakini inakuja pale tu injini inapobeba mzigo. Ikiwa sailensi haina mzigo, dizeli inayoingia ni kidogo, joto dogo, presha ndogo, ringi inateleza tu juu ya oili, na ile oili inaungua ukutani inaganda kama vanishi na kujaza ile michoro yote. Ikishajaa imekwisha hiyo, hata ukibadilisha oili ya bei gani haitasaidia, mpaka ufungue usugue upya na kuweka ringi nyingine. Nililipa mara ya pili.

Na kosa la upande wa pili lipo pia, wapo wanaotoka gereji leo kesho wamepakia tani 4 za mchele kwenda Musoma. Hapo ringi na pistoni bado zina sehemu zilizoinuka, zinagusana kwa nguvu sehemu chache tu, joto linapanda pale pale, pistoni inakwaruza silinda au inashika kabisa. Kwa hiyo tunatafuta katikati.

Haya nayoandika ni kwa injini iliyofanyiwa ovahoo, maana wengi wetu huku ndo tunakutana nayo, lakini nikifika kwenye gari mpya ya kiwandani nitasema tofauti zake.

Hatua ya 1: kabla hujagusa switchi

Hakikisha oili imewekwa mpaka alama ya juu kwenye stiki, gari ikiwa sehemu tambarare, na Mwanza hii ya mawe na vilima tambarare unaitafuta kweli, gereji nyingi za Mabatini na Igogo zimeinama, kwa hiyo usipime tu popote. Filta ya oili ijazwe oili kabla ya kufungwa kama inafungwa kwa kusimama. Filta ya dizeli mpya, alafu pampu ya mkono pampu mpaka iwe ngumu na hewa itoke yote, dizeli ikiwa na hewa ndani itawaka na kuzima, na kila ukipiga stata bila kuwaka unaipiga injini ikiwa kavu.

Alafu kuna kitu mafundi wengi wanaruka. Kata dizeli isiende (vuta ile waya ya kuzimia, au chomoa waya ya solenoidi ya pampu), piga stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, piga tena, mpaka taa ya oili izime au geji ya oili ianze kupanda. Hapo ndo unajua oili imefika kwenye beringi za krenki na juu kwenye kamshafti. Ukiwasha moja kwa moja, zile sekunde za kwanza beringi mpya zinazunguka bila oili ya kutosha, na hakuna dakika mbaya kwenye maisha ya injini kama hiyo.

Hatua ya 2: kuwasha mara ya kwanza

Ikiwaka usiiache chini kabisa, ipandishe kidogo resi (mizunguko ya injini kwa dakika) iwe kama 1,200 mpaka 1,500, maana oili ya kurushia kwenye silinda inatokana na mzunguko. Angalia geji ya oili kwanza, ikikaa sekunde 10 haijapanda zima. Zunguka gari na tochi uangalie kama kuna panapovuja, dizeli, maji, oili. Acha ipate moto mpaka themostati (kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi) ifunguke, yaani bomba la juu la rejeta uliguse liwe la moto, ongeza maji pale yaliposhuka sababu hewa inatoka, funga mfuniko.

Yote hayo hayazidi dakika 20. Ukishamaliza na hakuna kinachovuja, ingia barabarani siku hiyo hiyo. Usiiache ingurume wakati mnasubiri chakula, zima. Kama fundi anakwambia iache mpaka jioni mwambie kwa heshima tu hapana.

Kama aina ya gasketi ya silinda hedi uliyowekewa inataka kukazwa upya baada ya moto wa kwanza, fundi atakaza ikiwa imepoa na kwa spana ya kupimia nguvu, sio kwa kukadiria na mkono. Gasketi nyingi za kisasa za chuma haziitaji hilo, muulize imeandikwaje kwenye pakiti.

Hatua ya 3: kilomita 100 za kwanza

Mimi huwa naenda Magu na kurudi. Kutoka mjini mpaka Magu ni kama kilomita 60, na hiyo barabara inafaa sana kwa hii kazi, unatoka Igoma, Kisesa, unakutana na vijiji vyenye kibao cha 50, unapunguza, unaongeza, kuna vipando vidogo na miteremko, yaani barabara yenyewe inakubadilishia mwendo. Usianze na foleni ya Buhongwa au ya katikati ya mji, foleni ni sailensi tu kwa jina lingine.

Ukiwa umetoka nje ya mji na injini imeshapata moto sawasawa, gari ikiwa tupu au na mzigo mdogo, fanya hivi: weka gia ya 4 ukiwa kwenye 40, kanyaga robo tatu ya pedali mpaka ufike 65 au 70, alafu achia mguu kabisa, gari ibaki kwenye gia, ijipunguze yenyewe mpaka 40. Subiri kidogo itulie, rudia. Mara 10 hivi. Angalia kioo cha nyuma kwanza, mabasi ya Musoma na Sirari yanakuja kwa kasi na wewe unapunguza ghafla, usije ukasababisha balaa barabarani. Unapokanyaga ndo unaisukuma ringi ukutani, unapoachia ukuta unapoa na oili inaosha vile vipande vidogo vya chuma vilivyosagika. Hiyo kanyaga-achia ndiyo kazi yenyewe ya kuizoesha injini, na ukiikosa hapa mwanzoni huna nafasi nyingine, maana ile michoro ya silinda inaendelea kulainika kila kilomita.

Ukifika Magu zima, iache ipoe kidogo, angalia oili na maji, geuza.

Hatua ya 4: mpaka kilomita 1,000 alafu 2,000

Mzigo usizidi nusu ya uwezo wa gari mpaka kilomita 1,000. Kuvuta trela bado. Resi isizidi robo tatu ya mwisho wake, kwa Canter na ndugu zake mi nakaa chini ya 2,500, kwa Hiace za 3L na 5L au pikapu ndogo chini ya 3,000.

Lakini pia usiizamishe. Hili watu hawalijui, wanadhani kutembea na gia kubwa resi ndogo ndo kuitunza. Unapanda kilima cha Bugando na gia ya 4, resi 1,100, injini inatetemeka inalia du du du na we umekanyaga mpaka chini, hapo pistoni inapigwa na presha kubwa wakati krenki inazunguka polepole, oili kwenye beringi inakuwa nyembamba, moshi mweusi unatoka, masizi yanaingia kwenye oili. Rudisha gia mapema. Injini ya dizeli ikiwa kati ya 1,500 na 2,500 inafanya kazi kwa raha.

Usikae mwendo mmoja muda mrefu. Kila dakika 10 au 15 badilisha, 60, 80, 70. Hili linawahusu zaidi wanaonunua gari Dar na kuendesha mpaka huku. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, yaani kipindi chote cha kuizoesha injini kinaisha kwenye safari moja, na kuna vipande virefu vimenyooka baada ya Dodoma kuelekea Singida na kule Nzega mpaka Tinde ambapo mtu anaweka 100 na kulala nayo. Ukiwa na gari mpya lala Dodoma au Singida usikimbize usiku, asubuhi pima oili kabla hujawasha, na ukiwa njiani cheza na mwendo. Hiyo safari unaweza kuifanya iwe nzuri kwa injini au ikaiharibu, inategemea mguu wako.

Gari mpya ya kiwandani inafuata kitabu chake. Vitabu vya Toyota kwa mfano vinasema kilomita 300 za kwanza epuka kufunga breki za ghafla, 800 za kwanza usivute trela, na 1,000 za kwanza usikimbize sana, usikae mwendo mmoja muda mrefu na usikanyage ghafla. Viwanda siku hizi vinachonga silinda kwa usahihi mkubwa kwa hiyo zile kanyaga-achia mara 10 sio lazima, kuendesha kawaida kwa kubadilisha mwendo kunatosha. Ila usishangae ikila oili kidogo mwanzoni, dizeli huchukua muda mrefu kuliko petroli ringi kukaa, nyingine zinatulia kabisa baada ya kilomita 10,000. Cha kuangalia ni kama inapungua kula. Ikiwa inaongezeka hapo kuna shida.

Na wakati huu gari usimpe deiwaka, yule dereva wa kushikia kwa muda. Nasema kwa uchungu kabisa, deiwaka hajui historia ya injini yako, anataka kuwahi ngwe ya pili.

Oili ya mwanzo

Kwa ovahoo weka oili ya kawaida ya madini, 15W-40 ya dizeli, kwenye kopo tafuta maandishi API yakifuatiwa na herufi zinazoanza na C, kama CF-4, CH-4 au CI-4. Herufi C ndo za dizeli, S ni za petroli, na zipo zenye zote mbili. Usiweke sinthetiki kipindi hiki, inateleza mno, ringi inachelewa kukaa. Gari mpya ya kiwandani usibadilishe aina, weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu, hasa zile zenye filta ya masizi kwenye ekzosi, hizo zinataka oili yenye majivu machache, ukiweka 15W-40 ya lori unaiziba.

Oili ya kwanza mwaga kwenye kilomita 500 pamoja na filta. Ya pili kwenye 1,500 au 2,000. Baada ya hapo kila 5,000. Najua inauma kumwaga oili ya kilomita 500 wakati bado inaonekana ina nguvu, lakini ndani yake kuna chuma kilichosagika chote cha mwanzo. Imwage ikiwa ya moto, ikishapoa chovya kidole, ipake kwenye karatasi nyeupe uitazame juani. Kama nati ya sampu (ile ya kumwagia oili) ina sumaku angalia imeshika nini. Tope laini la kijivu ni kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, au rangi ya shaba, simamisha gari uite fundi, hiyo ni beringi inaongea. Mi filta nakata kabisa kwa msumeno nakunjua lile karatasi ndani naangalia.

Rangi nyeusi isikutishe. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache kwa sababu ya masizi, hiyo ndo kazi yake kuyashika yasigande. Inayotakiwa kukutisha ni ya rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia, au stiki inaonyesha oili imeongezeka wakati hujaongeza, hapo dizeli inavujia ndani.

Kwenye kilomita 1,000 pia fundi apime tapeti (nafasi ya vali) kwa injini zinazorekebishwa, maana vali mpya na siti zake zinakaa na nafasi inabadilika.

Themostati, naomba tuelewane

Huku kwetu gari ikichemsha mara moja tu, kitu cha kwanza fundi anatoa themostati anaitupa, anakwambia huku ni joto haina kazi. Sijui tumeua injini ngapi kwa hili. Injini ya dizeli inataka maji yawe kwenye nyuzi 80 mpaka 90 hivi. Bila themostati maji yanazunguka muda wote, injini inatembea baridi, hasa asubuhi na kwenye miteremko, dizeli haiungui yote inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi hazikai, silinda zinalika. Gari inakunywa mafuta zaidi na we unadhani pampu imechoka. Kama inachemsha tafuta kinachochemsha, rejeta imeziba, mfuniko umechoka, feni, mkanda, pampu ya maji. Ovahoo ikifanyika nunua themostati mpya simamia ukiona inafungwa kwa macho yako.

Na mfuniko wa rejeta usiudharau. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na sio 100. Mfuniko ndo unayabana yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea huku unakugharimu haraka kuliko mtu wa Tanga. Mwinuko huu huu ndo unafanya injini isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) iwe nzito kidogo huku kuliko ilivyokuwa Dar, hewa ni nyepesi kama asilimia 12, kwa hiyo usikimbilie kwa fundi wa pampu kumwambia aongeze dizeli, ataongeza moshi mweusi na joto tu.

Maji ya ziwa usiweke kwenye rejeta, hata kama umesimama mita kumi kutoka ziwani. Yana matope laini na vijani, yanaganda kwenye mirija. Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi, nusu kwa nusu au kama kopo linavyosema, badilisha kila baada ya miaka miwili kwa zile za kawaida.

Dizeli yenyewe

Pampu ya dizeli na nozo (zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda) zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo, hakuna oili nyingine. Ndio maana maji na mafuta ya taa yanaziua. Wote tunakumbuka ule wakati wa kuchakachua, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli sababu bei yake ilikuwa chini, mpaka serikali mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa bei zikakaribiana, na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ikawa na utaratibu wa kuweka alama kwenye mafuta. Imepungua sana lakini mafuta ya madumu bado yapo, visiwani na mialoni hasa. Dumu lile lile juzi lilikuwa na maji. Jazia sheli unayoijua, ukikuta lori la mafuta linashusha kwenye tanki za sheli usijaze saa hiyo, uchafu wa chini umetibuliwa, nenda nyingine au rudi baada ya masaa kadhaa. Chukua risiti kila mara.

Jaza tanki jioni sio asubuhi. Tanki likilala nusu, ile hewa ya juu yenye unyevunyevu wa ziwa inapoa usiku inageuka matone, yanashuka chini maana maji ni mazito kuliko dizeli. Chini ya filta ya dizeli kuna kifungulio cha plastiki, kila wiki asubuhi kabla ya kuwasha kifungue kidogo kinga na chupa ya wazi. Ukiona tabaka mbili chupani, ya chini ni maji, endelea mpaka itoke dizeli tupu, funga, pampu hewa itoke. Dakika tano. Kwenye gari za komoni reli hili ni la lazima zaidi, zile zinasukuma dizeli kwa presha ya baa 1,600 na kwenda juu, tone la maji linakula ncha ya injekta, na injekta moja ya hizo ni bei ya ng'ombe kadhaa. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi usisubiri ufike.

Hewa

Vumbi ni mchanga, na mchanga ukipita kwenye injini unasugua silinda kama msasa. Ukitembea sana barabara za vumbi, za vijijini Misungwi, Sengerema ndani ndani, Ukerewe, fungua eya klina (filta ya hewa) kila wiki. Pigisha upepo kutoka ndani kwenda nje, presha ndogo. Usiligonge kwenye tairi, usilioshe kama ni la karatasi, na ukiliinua juani ukaona kitobo chenye mwanga tupa. Angalia mpira kutoka eya klina mpaka injini kama haujapasuka, mi niliwahi kukuta ufa umejificha chini kabisa, eya klina safi kumbe injini inavuta vumbi kwa pembeni.

Mbele ya rejeta huku tuna wageni wetu, wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama moshi mkubwa, ukipita barabara ya kando ya ziwa jioni wanajaa kwenye rejeta mpaka hewa haipiti. Na msimu wa pamba ile nyuzi inayopeperuka kutoka kwenye malori inafanya hivyo hivyo. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, injini ikiwa imepoa. Na sio kwa kuingiza gari ziwani, oili na dizeli inayotoka tunakuja kuinywa sisi wenyewe.

Tabo na mkanda

Kama ina tabo, baada ya kuwasha subiri nusu dakika oili ipande kabla ya kukanyaga, na ukitoka safari ndefu au kupanda mlima na mzigo usizime ghafla, iache dakika moja au mbili sailensi. Hapo tu ndo sailensi ina kazi. Tabo inazunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, ukizima ghafla inabaki ya moto bila oili, oili inaungua kwenye shafti yake.

Mkanda wa taimingi kwa zenye mkanda, 1KZ, 3L, 5L, 1HZ, ubadilishwe kwa kilomita za kwenye kitabu, nyingi ni 100,000. Ukikatika vali zinagonga pistoni. Ukinunua injini iliyotumika kutoka Japani hujui mkanda una umri gani, weka mpya kabla hujaiingiza kwenye gari. Canter ya 4D33 inatumia gia, hiyo shida haina, na 1GD ya Hilux za kuanzia 2015 ina cheni.

Moshi na daftari

Mweusi, dizeli nyingi au hewa kidogo, anza na eya klina. Bluu, oili inaungua. Mweupe asubuhi kwa muda mfupi sio tatizo, mweupe usioisha gari ikiwa ya moto ni nozo au maji yanaingia kwenye silinda, nusa, ukisikia harufu kali ya dizeli ni nozo.

Kwenye kilomita 2,000 fungua mfuniko wa kuwekea oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikipumua kwa nguvu puff puff puff mpaka mfuniko ukiuweka juu unaruka, ringi hazijakaa, rudi kwa fundi mapema.

Alafu weka daftari la shilingi mia tano kwenye gari. Andika tarehe, kilomita, oili uliyoongeza, dizeli uliyojaza. Kila ukiongeza oili hata robo lita, andika. Canter yangu mara ya pili, baada ya kuizoesha hivi, kilomita 1,000 za kwanza ilikula karibu nusu lita, zilizofuata robo, na kufika 5,000 nikawa sioni tofauti kwenye stiki kati ya kumwaga na kumwaga. Hapo ndo nilianza kupakia dagaa gunia zote na kuvuka nayo mpaka Geita.

Oili chafu usimwage kwenye mtaro, mitaro ya mji huu mingi inaingia mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani. Iweke kwenye dumu, gereji zinaichukua, na wenye mbao wanaipaka kuzuia mchwa.